Paleti Yangu Mikononi mwa Madam Kope

"Hii paleti nimeibuni mwenyewe, usiku na mchana, kwa akili yangu!"

Madam Kope aliiinua juu watu wote dukani waione.



Jamani... ile paleti ilikuwa YANGU!

Msinielewe vibaya. Hakuniibia kasha lenyewe la rangi za macho. Kasha langu nilikuwa nalo kwapani, kwenye mfuko wa kitambaa. Lakini rangi zilikuwa zile zile sita. Kahawia ile ile ya maziwa, nyekundu ile ile ya udongo, weusi ule ule wenye chenga za fedha ambao niliuhangaikia mpaka wauzaji wakawa wananikimbia.

Nikajipa moyo. Labda ni sadfa. Watu wawili wanaweza kupenda rangi moja, au sio?

Halafu akaanza kuzigusa kwa ile kucha yake ndefu, hii ya huku, hii ya kule.

"Hii naiita Chai Maziwa. Hii hapa ni Ugomvi. Na hii nyeusi... hii ni Umeme Umekatika!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Majina yale niliyatunga mimi! Chumbani kwangu! Umeme Umekatika niliitunga umeme ulipokatika kweli, nikiwa nimeshika kile kibati cha rangi gizani!

Ngojeni niwaeleze tulifikaje hapo, maana nawajua, mtaanza kuuliza maswali kwenye komenti kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi kazi yangu ni kupamba macho. Sio uso mzima, macho. Wale mnaonifuata zamani mnaniita Fundi Macho. Na sikuwahi kuwa na uwezo wa kununua zile paleti za kujifaharisha, zenye rangi ishirini, ambazo kumi na tano hutazigusa mpaka zinapasuka. Mimi nanunua kasha tupu lenye sumaku chini, halafu nachagua rangi moja moja kwenye vibati vyake vidogo, kile ninachokitaka tu, napachika. Kibati kikiisha, natoa, naweka kingine. Rahisi, na hakuna rangi ya kukaa bure.

Lakini siri yangu ilikuwa kwenye mpangilio.

Nazipanga kushoto kwenda kulia, kama unavyosoma. Rangi ya kwanza kushoto ndiyo unayoanza nayo, ya mwisho kulia ndiyo ya kumalizia. Hata mtu ambaye hajawahi kushika brashi, anafuata mstari tu. Kushoto kwenda kulia, jicho limeiva.

Sasa mama mwenye duka la vipodozi, huyu anayeuza vibati vya rangi moja moja, alitangaza kwamba anataka mtu wa kukaa meza ya mlangoni. Kazi yake kuwasaidia wateja kujipangia paleti zao na kuwafundisha kuzitumia. Meza yako, kioo chako, na kazi ya kudumu!

Kwangu mimi ile meza ilikuwa kila kitu. Nilichoka kupamba watu nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu za majumba yao, taa imeshikwa na shangazi yake bibi harusi anayepiga chafya. Nilichoka!

Tulikwenda wengi. Tukachujwa, tukabaki wawili. Mimi na Madam Kope.

Madam Kope ana saluni mtaa wa pili. Kazi yake ni kubandika kope za bandia, na kwenye kope simshushi hata kidogo, anajua. Ila rangi? Rangi za macho hajawahi kuzijua! Sasa leo kasimama na paleti yangu, na majina yangu, na halafu akamalizia na maneno yangu:

"Siri yake ni moja. Kushoto kwenda kulia, kama unavyosoma!"

Nikahisi kama nimemwagiwa maji ya baridi.

Na mbaya zaidi, yeye kaongea wa kwanza. Mimi nikifungua kasha langu sasa hivi, mwizi ni nani? Mimi!

Mama mwenye duka akanigeukia.

"Haya, na wewe tuoneshe yako."

Nikafungua mfuko. Nikafungua kasha.

Dada mmoja mteja akaguna. "Heee! Si ni ile ile?"

"Ameiga," mwingine akanong'ona, ule mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani.

Madam Kope akanitazama kwa huruma ya bandia kama kope zake. "Mdogo wangu... si ungekuja tu ukaniomba nikufundishe?"

Wapendwa, nilitamani kulia. Nilitamani kumrushia brashi. Nikafanya lile la tatu, nikameza mate.

"Mama," nikasema, "hii ni yangu. Sijui kaipataje, lakini ni yangu."

Mama mwenye duka ni mtu wa maneno machache. Akatutazama wote wawili.

"Mimi si hakimu. Vioo viwili hivyo hapo. Kila mmoja ampambe mtu wake jicho la sherehe, na aeleze anachofanya mpaka wateja waelewe. Kazi itasema."

Sawa. Kazi itasema. Tatizo ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kumpamba!

Mtu wangu ni Shosti. Rafiki yangu wa tangu shule. Macho yote mnayoyaona kwenye video zangu, yale makubwa, mapana, yanayopokea rangi kama ukuta uliopigwa lipu, ni macho ya Shosti. Asubuhi ile ile kanitumia ujumbe: "Mpenzi, tumbo linanikata vibaya, siwezi hata kusimama. Nisamehe. Utashinda tu!"

Nikamjibu apumzike. Nikamwombea na dua.

Nikiwa nimesimama pale kama mlingoti, mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Wifi yangu!

Dada yake mume wangu. Tunaishi naye nyumba moja. Mdomo wake hauna breki, na kila nikifanya kazi chumbani yupo mlangoni, kaegemea, anachungulia. "Wifi hiyo rangi gani? Wifi hiyo unaiweka wapi? Wifi na mimi nipambe basi!" Kila siku!

Na jana yake tu, wapendwa, kwa macho yangu haya mawili, nilimwona akitoka saluni kwa Madam Kope. Anatembea haraka haraka, kichwa chini, kajifunika mtandio mpaka usoni.

Sasa hapo akili yangu ikafanya hesabu yote mara moja.

"Ni WEWE!" nikapayuka.

"Wifi, nimesikia Shosti haji, nikaona nikimbie..."

"Ni wewe uliyeniuza! Jana ulikuwa saluni kwa huyu mwanamke unafanya nini?"

Madam Kope akajifanya anachambua brashi.

Wifi akaniangalia. Macho yakajaa maji.

"Nitakueleza nyumbani," akasema polepole.

"Nieleze hapa!"

"Hapa siwezi. Muda unakwenda, wifi. Unataka mtu wa kupamba au hutaki?"

Nilitaka kumfukuza. Wallahi nilitaka! Lakini Madam Kope alishamkalisha binti wa kumpamba, ana macho kama sahani, na wateja wameanza kumzunguka. Kwangu walibaki wanawake wachache wenye huruma, na mmoja aliyekosa nafasi kule.

"Kaa!" nikamwambia wifi. Sikumwambia karibu. Nikamwambia kaa.

Akakaa.

Sasa niwaambie kwa nini siku zote nilikuwa namkatalia wifi. Wifi ana yale macho ninayoyaita macho ya kumeza. Ngozi ya juu inashuka kama pazia. Unampaka rangi kafumba, inapendeza. Akifumbua tu, yote imemezwa, haionekani hata chembe! Nani anataka kuweka macho hayo kwenye video? Mimi nilikuwa na macho ya Shosti, ya nini kuhangaika?

Na leo, siku ya kazi ya maisha yangu, nimeletewa macho ya kumeza. Ya msaliti!

Nikasimamisha paleti yangu kwenye rafu nyuma ya kiti, imefunguliwa. Ndivyo ninavyofanya hata nyumbani, kasha linakaa juu ya kabati nyuma ya mtu, nachovya brashi bila kulishika. Na anayekaa kitini ni marufuku kugeuza shingo. Anatazama kioo tu.

Nikaanza. Chai Maziwa, jicho zima. Nikampaka kwa hasira mpaka akasema "auu".

"Tulia!"

"Nimetulia."

Nikachovya Tofali, ile nyekundu ya udongo. Kawaida unaiweka kwenye mkunjo wa jicho. Nikaweka. Akafumbua... imemezwa! Nikarudia. Imemezwa! Mwanamke mmoja kati ya wale wanaonitazama akasikitika, "Hata mimi yangu iko hivyo hivyo. Niliacha kupaka."

"Na mimi," akasema mwingine.

Nikamwangalia yule wa kwanza. Macho ya kumeza. Yule wa pili, macho ya kumeza. Nikatazama wale wateja wa kule kwa Madam Kope, nusu yao macho ya kumeza!

Hivi mimi miaka yote nimekuwa nikimfundisha nani?

"Fumbua macho," nikamwambia wifi.

"Nifumbue?"

"Fumbua, tazama kioo mbele yako, usifumbe mpaka nikwambie."

Nikampaka akiwa kafumbua. Tofali nikaipandisha juu, juu kabisa ya pazia, pale ambapo mkunjo ungekuwepo kama Mungu angeamua vingine. Nikawa naeleza kwa sauti. "Usifuate mkunjo wako wa asili, huo unakudanganya. Tengeneza wako, juu yake, macho yakiwa wazi." Wanawake wakasogea. Nikaingia Kutu, rangi ya tatu. Nikaingia Ugomvi, pembeni tu, kidogo.

Hasira zikaanza kunitoka bila kupenda. Mikono ikikumbuka kazi, kichwa kinanyamaza.

Wifi akawa anatazama kioo tu, kama nilivyomwagiza. Halafu:

"Wifi..."

"Usiongee, utatikisa."

"Wifi, paleti yako humu kwenye kioo imegeuka."

"Vitu vyote kwenye kioo vinageuka. Tulia."

"Hapana, sikia. Ile nyeupe nyeupe imekuja kulia, na ya kung'aa imekwenda kushoto."

"Ndiyo, wifi! Ndiyo kazi ya kioo!"

"Basi ya Madam Kope iko hivyo hivyo. Aliponyanyua niliiona kupitia dirishani nikiwa nakuja. Yake ya kung'aa ilikuwa kushoto. Nyumbani kila nikisimama mlangoni naiona yako, ya kung'aa iko kulia. Ya kwake iko kama yako ikiwa ndani ya kioo."

Brashi ikanisimama hewani.

Nikageuza shingo nikaitazama meza ya Madam Kope. Kasha lake liko wazi. Simu ya Mpenzi, ile dhahabu ya kumalizia, iko mwanzo kabisa kushoto. Umeme Umekatika inafuata. Chai Maziwa iko mwisho kulia.

Yote kinyume!

Mimi kwa ghadhabu zangu niliona rangi na kusikia majina, mpangilio sikuutazama. Sasa jiulizeni kama nilivyojiuliza. Mtu anayesimama mlangoni analiona kasha langu lilivyo. Ni nani ambaye kila siku anaiona paleti yangu kupitia kioo?

Anayekaa kitini.

Na wifi hajawahi kukaa kwenye kiti changu. Hata mara moja. Nilimkatalia kila alipoomba.

Aliyekaa ni mmoja tu, na majina yote ya rangi nilimtajia mimi mwenyewe. Na kila nikimaliza kumpamba, alikuwa anachukua simu na kujipiga picha kwenye kile kioo...

Nikahisi tumbo linanikata mimi sasa. La kweli, sio la ujumbe.

"Maliza jicho, wifi," akaniambia yule niliyemwita msaliti. "Utalia baadaye."

Nikamaliza. Umeme Umekatika mstari mwembamba kwenye mizizi ya kope. Simu ya Mpenzi tone moja katikati. "Haya, fumba. Fumbua."

Wale wanawake wakasema "aaah" kwa pamoja. Lile jicho likabaki pale pale! Halikumezwa! Wifi akajitazama, akajigusa shavu.

Upande wa pili... jamani.

Madam Kope alishatangaza kwa mdomo wake, kushoto kwenda kulia. Basi na yeye akafuata! Kaanza na dhahabu jicho zima. Akaja na nyeusi kwenye mkunjo. Wateja wanamtazama, hawezi kurudi nyuma. Akaendelea kupaka juu yake, akijaribu kufuta na kuokoa, mpaka akafika Chai Maziwa, akaimwaga kwenye mizizi ya kope kama poda ya mtoto.

Binti wa watu akafumbua macho.

"Mbona kawa kama kapigwa ngumi?" akauliza mteja mmoja, bila hila kabisa.

Kicheko! Madam Kope akapandwa na mori.

"Tatizo ni hizi rangi! Vibati vya bei rahisi hivi vitampamba nani?"

Akasema hivyo... ndani ya duka linaloviuza. Mbele ya mwenye duka!

Mama mwenye duka hakucheka wala hakukasirika. Akachukua paleti yangu kwenye rafu, akaisogeza mbele ya kioo. Halafu akachukua ya Madam Kope akaiweka kando ya kioo. Kumbe alimsikia wifi! Akatazama ya ndani ya kioo, akatazama ile ya kando. Zikafanana kila kibati.

"Nani alikupigia picha ya kioo?" akauliza.

Madam Kope akaanza kujiuma uma. "Mimi... mimi nililetewa! Sikumtuma mtu! Kaja mwenyewe!"

Akatoa simu ili kujitetea. Picha ile pale. Shosti anatabasamu, macho yanawaka, paleti yangu nyuma yake. Na pembeni ya picha, bega langu. Bega tu.

Meza nilipewa mimi. Mama mwenye duka alisema maneno machache kama kawaida yake: "Wateja wangu wana macho kama ya huyu uliyempamba leo. Huyo mwingine wa video zako, wenye macho kama yake hawaji hapa kuomba msaada."

Ningefurahi. Sikuweza. Nilitoka nje nikampigia Shosti.

"Tumbo linaendeleaje?"

Nikamsikia anafunga mlango kwake.

"Nimeiona picha, Shosti."

Nilidhani atalia. Atakana. Akapumua.

"Madam Kope kaniahidi picha yangu ukutani saluni kwake, na jina langu chini."

"Kwa picha tu? Umeniuza kwa picha ya ukutani?"

"Video zako zote ni macho yangu. Watu wanayajua macho yangu kuliko mama yangu anavyoyajua. Umewahi kuandika jina langu? Hata siku moja?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikakosa. Hiyo ndiyo inayoniudhi mpaka leo, wapendwa. Msaliti ni yeye, na aliyekosa jibu ni mimi! Ningemwambia angeniomba tu, ningeandika. Lakini kakata simu.

Njiani kurudi nyumbani, wifi anatembea pembeni yangu, anajiangalia kwenye kila kioo cha gari lililoegeshwa.

"Wifi... nisamehe."

"Yameisha."

"Ila jana kwa Madam Kope ulikwenda kufanya nini?"

Akapunguza mwendo.

"Nilikwenda kupambwa macho, wifi. Kuna mtu alikuwa anakuja kunitazama kwa ajili ya posa, nikataka nipendeze. Kwako nimeomba mpaka nimechoka. Nikaenda nikalipa." Akacheka kidogo. "Akanipaka nimefumba, nikapendeza. Nilipofumbua hakuna kitu. Nikajifunika mtandio nikarudi. Ningekwambiaje dukani mbele ya watu kwamba fundi wa macho niko naye nyumba moja na nalipia nje?"

Nilimshika mkono tukatembea hivyo hivyo mpaka nyumbani. Niligundua pia kwamba sikuwahi kumuuliza huyo mtu wa kumtazama ni nani. Mdomo hauna breki, lakini mimi masikio yangu yalikuwa likizo.

Somo langu, kwa wale mnaoruka kuja kusoma mwisho: kabla hujamtafuta msaliti mlangoni, angalia uliyemkalisha kitini. Na huyo wa kitini, kama kazi inakupa jina kwa sura yake, mtaje. Usingoje aende kutajwa kwingine.

Picha mliyoiona hapo juu ni ya wifi yangu, siku yangu ya kwanza kwenye meza ya mlangoni. Nimeandika: "Macho, ya wifi yangu." Halafu jina lake kamili, kubwa kuliko langu.

Nimeiweka asubuhi. Komenti ya kwanza kabisa kuingia, kabla hata mume wangu hajabonyeza alama ya kupenda, imetoka kwa Shosti.

"Kumbe unajua kuandika jina."

Nimeisoma zaidi ya mara moja. Sijaifuta, na sijui nimjibu nini.